Nafasi Kati ya Pigo na Pigo

Asubuhi hiyo Fundi ndiye aliyeamua, kabla daktari hajapita, kwamba binti yake amepona.

Alikuwa amekaa kwenye stuli ya plastiki kando ya kitanda, sikio kaligeuzia kile kimashine cha kupimia mapigo ya moyo, macho kayafumba, mguu mmoja unagonga sakafu taratibu. Ndivyo afanyavyo kazini. Akiitwa kutengeneza mashine ya kusaga, huwa haulizi maswali. Huigusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho, na watu waliopanga foleni na nafaka zao hunyamaza kama wako kwenye ibada. Akifumbua macho, ugonjwa wa mashine umeshajulikana.

"Mama Chiriku," alimwita mkewe kwa kunong'ona. "Sikiliza."

"Nasikia."

"Sikukwambia usikie. Nimesema sikiliza. Ti, ti, ti, ti. Haikwami, haikohoi. Jana ilikuwa inakwenda kama imetiwa mafuta machafu. Leo imeshika mwendo."

Mama Chiriku alimtazama mtoto. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina lingine, lakini nyumbani hakuna aliyelikumbuka tangu binti huyo alipoanza kuongea, maana tangu siku ile hakunyamaza. Alikuwa wa miaka minne. Nimonia ilimwangusha ghafla, na sasa alikuwa amelala chali, mrija wa maji mkononi, vibandiko vitatu vya nyaya kifuani. Homa ilikuwa imeshuka. Kilio kilikuwa kimekwisha. Mikono na miguu yake ilikuwa pale pale ilipowekwa.

Hilo la kutojitikisa lilimkera mama mtu, ila hakujua amwambie nani. Chiriku usingizini hupiga mateke kama anaogelea. Baba yake mara ngapi ameamka analalamika mbavu? Lakini Mama Chiriku alikuwa hajaona meno ya mumewe tangu walipoingia hospitalini, na leo yalionekana yote. Akanyamaza. Utamwambiaje mtu mwenye furaha namna ile kwamba mtoto hajapiga teke?

Fundi alitoka kwenda koridoni, akaiweka simu mdomoni kama andazi, akarekodi ujumbe wa sauti kwa ukoo mzima. "Ndugu zangu, habari za asubuhi. Niwatoe wasiwasi. Nimemsikiliza mtoto mwenyewe, kwa sikio langu hili mnalolijua. Injini imeshika mwendo. Asanteni kwa dua zenu. Wenye kuja kutuona waje, ila mje kimya kimya, msije mkamvurugia mdundo."

Shangazi mtu alikuwa wa kwanza kufika, na hakuja kimya.

Yeye ni dada mkubwa wa Fundi, muuza mitumba, mwanamke wa sauti inayosikika mwisho wa soko bila kipaza. Alikuwa ameshapita meza zote sokoni kutangaza kwamba Chiriku amepona, na wenzake wakampa kila mmoja alichokuwa nacho: soksi, kofia ya sufu, na gauni la njano lenye riboni, la kumvika mtoto siku ya kutoka. Mlinzi wa mlangoni alimwambia wageni mwisho wawili kwa kitanda. Shangazi akamjibu kwamba yeye si mgeni, yeye ni shangazi, na akapita.

"Yuko wapi mwanangu? Amekula? Mbona mnamwangalia kama televisheni?"

"Shh!" Fundi aliinua kidole. "Dada, hapa hatuongei. Moyo umejipanga vizuri. Ukipaza sauti utautoa kwenye mstari."

"Moyo wa nani? Chiriku huyu? Moyo wake ungekuwa unaogopa kelele ungeshasimama siku ya kwanza aliposikia sauti yake mwenyewe."

Mama Chiriku alicheka, akaziba mdomo. Hata mama wa kitanda cha pili alicheka. Shangazi alilikunjua gauni, akalipima kwa mbali juu ya mwili wa mtoto, akasema litamwenea, litabaki kidogo mabegani, lakini mtoto anakua. Alikuwa bado amelishika hivyo, riboni inaning'inia, wakati daktari alipoingia.

Alikuwa daktari kijana, mwanamke mwembamba, viatu vyake vikilia kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Aliwasalimu, akauminya ukucha wa Chiriku ukawa mweupe, akauachia, akasubiri damu irudi. Akaurudia tena. Kisha akageukia kioo cha kompyuta iliyounganishwa na kile kimashine, akaangalia kwa muda, na uso wake ukabadilika.

"Amekuwa hivi tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri," Fundi alisema kwa fahari. "Ametulia kabisa."

"Mbona hamkumwita muuguzi?"

"Tumwite wa nini, daktari, na mtoto ametulia?"

"Ametulia mno, baba. Namtaka chumba cha uangalizi maalumu, sasa hivi."

Wodi nzima ilisikia. Shangazi alilishusha gauni polepole, akalikunja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama leso, asijue alitie wapi. Mama wa kitanda cha pili aligeuza uso ukutani kwa adabu, kama mtu aliyemkuta jirani anavaa.

"Subiri kwanza," Fundi alisimama. "Jana moyo ulikuwa unarukaruka, mkatuambia tungoje. Leo unakwenda sawasawa, mnataka kumpeleka kwa mahututi? Mtu anapona ndipo anapelekwa kule?"

Daktari alivuta pumzi. Ilionekana ameshalieleza jambo hilo mara nyingi, na si mara zote akaeleweka. "Baba, sikilizeni wote. Moyo wa mtoto mzima hauendi sawasawa kama saa. Akivuta pumzi unakimbia kidogo, akitoa unapunguza. Akisikia sauti ya mama unashtuka. Akikojoa, akiota ndoto, kila kitu mwilini kinautumia habari, na wenyewe unajibu. Kwa hiyo nafasi kati ya pigo na pigo haifanani. Tofauti ni ndogo, sikio haliioni, ila kompyuta hii inaipima. Tofauti ikipungua sana, maana yake mwili umezidiwa, moyo hausikii tena habari za mwili. Unapiga tu, kama msumari unaogongwa. Ya mtoto wenu imepungua tangu jana jioni, na leo imekaribia kuisha."

"Shinikizo la damu je? Si mlisema ndilo mnaloliangalia?"

"Bado liko vizuri. Ndiyo maana nataka tumhamishe sasa, kabla halijashuka. Kipimo hiki huonya mapema."

"Na kikikosea?"

"Kinaweza kukosea, siwadanganyi. Kikikosea, mtoto atakuwa amelala chumba kingine bure siku mbili." Daktari alisita. "Tukikosea sisi kwa kumwacha hapa, sitakuwa na la kuwaambia."

Fundi alitikisa kichwa. Hakuwa mbishi kwa tabia; alikuwa mtu aliyetangaza. Sauti yake ilikuwa kwenye simu za watu wote anaowajua, na sikio lake ndilo lililolisha nyumba hii miaka yote. "Mimi kazi yangu ni kusikiliza," alisema. "Mashine inayokwenda sawasawa ni nzima. Hilo hunifundishi."

Hapo ndipo Mama Chiriku aliposogea. Yeye ni msusi, kazi yake ni kukaa nyuma ya vichwa vya watu, na alikuwa na mazoea ya kuongea na mtu bila kumtazama usoni. Alianza kumnyoosha mtoto shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

"Baba Chiriku, nikuulize. Ile mashine ya kusaga, ukiiwasha tupu inaliaje?"

"Mama Chiriku, huu si wakati."

"Nijibu tu."

"Inalia laini. Sawasawa."

"Ukimwaga nafaka?"

"Inanguruma. Inashuka, inajivuta, halafu inapanda. Inasikia mzigo."

"Kila ukimwaga?"

"Kila ukimwaga. Lazima."

"Na ukimwaga nafaka, mlio usibadilike? Ikaendelea laini vile vile?"

Fundi alifungua mdomo kujibu haraka, kama anavyowajibu vijana wanaojifunza kazi kwake. Kisha akaufunga. Alikitazama kile kimashine. Ti, ti, ti, ti. Mama wa kitanda cha pili alikuwa ameshageuka tena, adabu imemshinda.

"Mkanda umechomoka," alisema kwa sauti ya chini. "Injini inajizungukia yenyewe. Haisagi kitu."

Daktari mwenyewe alikuwa amemtazama Mama Chiriku kama mtu anayetaka kuyaandika mahali maneno yake.

"Daktari," Fundi alisema, tayari anakanyaga breki ya gurudumu la kitanda kuifungua, "tunamsukuma na hiki hiki au mnaleta kingine?"

Kwenye mlango wa chumba cha uangalizi maalumu alisimama muuguzi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, akainyoosha mikono ya Fundi mbele yake kama mwalimu wa zamu.

"Kaoshe."

"Nimeosha."

"Na huu mweusi kwenye kucha?"

"Huu si uchafu, mama. Hii ni kazi."

"Basi iache kazi nje."

Aliosha mara ya pili, ya tatu, kwa brashi na sabuni ya maji, mpaka vidole vikawa kama vya mtoto aliyekaa mtoni. Watu walipita wakimwangalia. Mwanamume mzima, anayeitwa na wenye mashine wa kata tatu, anasuguliwa kucha na mwanamke anayemwambia "na hicho kidole gumba." Alipopasishwa hatimaye, alimnong'oneza mkewe: "Hata siku ya kuja kukuposa sikuoga hivi."

Ndani, Chiriku alikuwa amevalishwa barakoa ya kumsukumia hewa, na mirija iliongezeka. Namba ya ile tofauti ya mapigo waliyoelezwa ilikuwa pembeni mwa kioo, ndogo, ya rangi ya kijani. Wakakaa kuitazama. Daktari aliwaonya: "Msiifanye mganga wa ramli. Ni dalili moja kati ya nyingi." Walimwitikia, naye alipoondoka wakarudi kuitazama.

Ilikuwa mchana, watu wanakula, shinikizo la damu liliposhuka.

Wazazi hawakuambiwa. Waliona tu mwendo wa watu ukibadilika, muuguzi mnene akawa mwepesi kuliko wote, mkono wa mtu ukawashika mabegani ukawatoa. Mlango ukafungwa. Koridoni kulikuwa na benchi, hawakuliona. Walikaa chini, migongo ukutani. Mama Chiriku aliishika mikono ya mumewe iliyonuka sabuni.

"Ningekuwa nimekataa," Fundi alisema.

"Hukukataa."

"Nilikataa. Wewe ndiye uliyeniuliza habari za nafaka."

"Sasa je, uliponijibu si ulijibu vizuri?"

Akataka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Alijifuta uso kwa kiwiko, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiguse kitu kwa mikono.

Daktari alipotoka alichuchumaa mbele yao badala ya kusimama. Dawa ilikuwa tayari kando ya kitanda, alisema, na ilianza kufanya kazi mara moja. Shinikizo linapanda. Bado ni mgonjwa sana. Aliyasema hayo taratibu, na kisha akakaa nao pale sakafuni kidogo, viatu vyake vyenye kelele kavinyoosha mbele.

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki, nayo ilikuwa ya aibu. Fundi alishika simu akaishusha, akaishika akaishusha. Ujumbe wake wa asubuhi ulikuwa umejibiwa kwa pongezi chungu nzima. Mjomba mmoja alikuwa ameandika: *Fundi ni fundi tu, madaktari wakasome kwako.*

"Ndugu zangu," alirekodi mwishowe, "nilikosea. Sikio langu linajua mashine, halikumjua mtoto. Yuko chumba cha uangalizi maalumu. Msiniulize mimi anaendeleaje. Nitawaambia atakachosema daktari, neno kwa neno."

Shangazi yeye alirudi sokoni kwa miguu yake. Jioni aliwasimulia, akiwa amekaa nao kwenye benchi. "Nimepita meza kwa meza kama mtu aliyeuza suruali yenye tundu. 'Jamani, ile habari nairudisha.' Wananiuliza, 'Na soksi?' Nawaambia soksi nabaki nazo, habari ndiyo narudisha."

"Walisemaje?" Mama Chiriku aliuliza.

"Watasemaje? Kila mmoja alikuwa na mtoto wake wa kunisimulia. Nimechelewa kwa sababu hiyo. Sikujua pale sokoni tumewahi kulaza watoto hospitali wengi namna ile."

Siku iliyofuata namba ilikuwa palepale, na Fundi akapata wazo. Kama moyo unatakiwa uyumbe, basi upewe sababu. Akamwita dada yake, akampangia muda wote wa wageni uwe wake, akamwambia: "Mweleze mambo. Yale yenyewe, ya sokoni. Usipunguze kitu."

Shangazi alioshwa kucha bila manung'uniko, akainama sikioni mwa mtoto, akaanza. "Chiriku mwanangu, unamkumbuka yule mwenye duka la viatu? Mkewe kamkuta anampima mteja kiatu kwa mwendo wa saa nzima. Mguu mmoja tu! Saa nzima!" Fundi macho kwenye namba, mkono mmoja hewani kama kiongozi wa kwaya, akimwashiria dada yake aongeze. Alipoongeza, vitanda vitatu vilisikia.

Muuguzi mnene alisimama nyuma yao. "Naomba nielezwe."

"Tunaupa moyo mzigo," alisema Fundi. "Ili uyumbe."

"Baba Chiriku. Ukikitikisa kipimajoto, homa inashuka?"

Fundi alifikiri. "Vile vya zamani vya kioo, ndiyo. Vilikuwa vinatikiswa, vinashuka."

Muuguzi aliivua miwani, akaifuta, na mabega yake yakatikisika muda mrefu kabla hajaweza kuivaa tena. "Namba haiponyi," alisema hatimaye. "Dawa inaponya, na mwili wake mwenyewe. Namba inatuambia tu. Muongeleshe mtoto kwa kuwa ni wenu, si kwa ajili ya kioo. Na wewe mama," akamgeukia Shangazi, akipunguza sauti, "huyo mteja wa viatu ilikuwaje baadaye?"

Kuanzia hapo Fundi alikaa upande wa pili wa kitanda, kioo kikiwa nyuma yake. Ilimwuma kama mvutaji aliyeacha sigara. Aliongea na mtoto mambo aliyoyajua: bolti gani zinalegea haraka, kwa nini mkanda mpya hunuka. Mama Chiriku alimchana nywele kidogo kidogo pembeni mwa kamba za barakoa, akimwimbia kwa kichwa kilichoinama. Siku zilipita zikifanana. Ikaja moja ambayo mama mtu, mkono wake ukiwa kwenye utosi wa mtoto, alisikia teke.

Lilikuwa teke dogo, la usingizini, chini ya shuka. Lilimpata Fundi kwenye kiwiko.

Walitazamana. Hakuna aliyegeuka kuangalia kioo. Ni daktari aliyekuja kuwaambia, saa moja baadaye, uso wake ukijaribu kubaki wa kidaktari na kushindwa, kwamba nafasi kati ya mapigo zimeanza kutofautiana tangu asubuhi, na zinaongezeka.

"Inayumba?" Fundi aliuliza.

"Inayumba."

"Jamani, inayumba!" Shangazi alipiga kelele kutoka mlangoni, na baba wa mtoto wa kitanda cha jirani akaruka kutoka kitini kwa hofu, ikabidi ashikwe mkono, aketishwe, aelezwe kwamba hiyo ni habari njema. Alipoelewa aliuliza kwa woga kama ya mwanawe nayo inayumba. Muuguzi akaenda kumwonyesha.

Barakoa ilitolewa, kisha mirija, mmoja mmoja. Chiriku alikuwa amekonda, sauti imekwaruza, na amekasirika. Alitaka kujua nani amemvua viatu vyake na kwa idhini ya nani. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alibandua vile vibandiko vitatu kifuani, kimashine kikalia kidogo kwa kulalamika, naye akakizima. Chumba kikawa kimya ghafla.

"Sasa nyumbani tutajuaje?" Fundi aliuliza. Alikuwa ameuweka mkono juu ya kimashine kama anamuaga rafiki. "Tutaona wapi namba?"

"Nyumbani hakuna namba," daktari alisema. "Akipumua haraka, akikataa kula, akilegea, mje mbio. Vinginevyo ni mtoto tu."

Ni mtoto tu. Mama Chiriku alilibeba neno hilo njia nzima kama kitu cha kuvunjika. Walitembea kutoka kituo cha basi wakiwa wamemweka katikati, kila mmoja na mkono wake, polepole, wakiruka hata vijiwe. Mlangoni pa nyumba kulikuwa na majirani wawili watatu, na kuku aliyetotoa wakati hawapo, vifaranga vinamfuata. Chiriku aliviona. Akang'oa mikono yake yote miwili.

"Taratibu!" wakasema kwa pamoja.

Hakwenda taratibu. Miguu ilikuwa haijapata nguvu. Alikimbia hatua kadhaa kwa kuyumba, kuku akapanua mabawa, vifaranga vikatawanyika, na mtoto akaanguka kifudifudi mavumbini, kishindo kikasikika.

Fundi alikurupuka. Mkewe akamshika shati kwa nyuma, asiliachie. Walisimama hapo, wote wawili wameziba pumzi, hawana pa kutazama ila mgongo ule mdogo unaopanda na kushuka.

Chiriku aliinua kichwa. Alitema vumbi, akawageukia.

"Mnaangalia nini?" alisema. "Kimoja kimeingia chini ya ndoo. Njooni mniinulie ndoo."